Amri Isiyo na Sahihi

Jumatano ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ambayo Watanzania waliitwa kumchagua rais, wabunge na madiwani wao, intaneti ilikatika nchi nzima mchana kweupe, wala haikurejea hadi Jumatatu ya tarehe 3 Novemba, na hata iliporejea ilirejea kwa kuchechemea, baadhi ya mitandao ikiwa imefunguka na mingine ingali imefungwa. Waandishi wa habari wa ndani na wa nje walielekeza macho yao Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Mbeya mjini, ambako kulikuwa na maandamano, risasi na mauti, na ilikuwa haki yao kufanya hivyo, kwa kuwa damu iliyomwagika yatangulia kila jambo. Lakini amri iliyokata mawasiliano ya miji hiyo haikuchagua mji, ilipita juu ya nchi yote tangu Pemba hata Mto Songwe, ikaifikia na wilaya ya Kyela, iliyo pembeni kabisa ya ramani, mahali ambapo Milima ya Livingstone yateremkia Ziwa Nyasa na ambapo watu huishi kwa mpunga, kakao, samaki na biashara ya mpakani. Nimeichagua Kyela kwa makusudi. Atakaye kuupima uzito wa mamlaka ya dola juu ya mawasiliano ya raia asiupime penye ghasia peke yake, maana hapo hoja ya usalama hukubaliwa hata kabla ya kusemwa. Aupime pia pembezoni, ambako amri ya namna ile hufika bila ya tarishi, bila ya barua, na bila ya mtu awezaye kuulizwa kwamba imetoka kwa nani na itakoma lini.

Msomaji ambaye si fundi huenda akadhani kwamba intaneti yaelea hewani tu, na kwamba kuikata kwahitaji hila kubwa. Mawimbi ya simu huruka hewani kutoka mkononi mwa mtu hadi kwenye mnara wa karibu, lakini safari iliyobaki aghalabu ni ya ardhini na baharini, ndani ya nyuzi za kioo zipitishazo mwanga. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Na kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulio chini ya Shirika la Mawasiliano Tanzania, waenda mpaka mikoani na kuvuka mipaka kwenda kwa majirani, kwenda Zambia kwa kupitia Tunduma na kwenda Malawi kwa kupitia Kasumulu, ambayo imo ndani ya Kyela yenyewe. Kwa hiyo Kasumulu, mahali ambapo msafiri huona malori, wabadili fedha na wauza ndizi tu, ni mmojawapo wa milango ambayo nchi ya Malawi, isiyo na bahari, hupitishia maneno yake kwenda ulimwenguni. Kwa kuwa njia ni chache na milango yahesabika, na kwa kuwa kila kampuni ya simu hufanya kazi kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, mwenye uwezo wa kuitwaa leseni ana uwezo wa kuamuru, na anayeamriwa ana kila sababu ya kutii.

Fundi anayetii hapandi mnara wala hashiki shoka. Huketi chumbani mbele ya kompyuta, akaziondoa katika orodha za ulimwengu zile anwani ziiambiazo mitambo ya nchi nyingine kwamba Tanzania yapatikana upande huu, na mara moja nchi huwa kama haipo. Au akaufungia mtandao mmoja kwa jina lake na kuiacha mingine. Au akaibana kasi hadi maandishi yapite kwa taabu na picha isifunguke kabisa. Namna hii ya mwisho ndiyo yenye hila kuliko zote, maana mtumiaji huilaumu simu yake, kisha hulilaumu bando lake, na huchukua muda mrefu kabla ya kumdhania mtu. Programu za VPN, ambazo mwaka 2023 TCRA iliwataka watumiaji wazisajili kabla ya tarehe 30 Oktoba, zaweza kuuzunguka mlango uliofungiwa, lakini hazifai kitu pale njia yenyewe ilipokatwa. Wakati mtandao wa X ulipofungiwa Mei 2025 watu wengi waliendelea kuufikia kwa VPN. Siku ile ya Oktoba hapakuwa na pa kuzungukia.

Basi na tutazame ni nini hasa hukatwa. Kakao ya Kyela, wilaya inayoongoza kwa zao hilo nchini, huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mbegu alizokwisha kuzivundika na kuzianika katika chama chake cha msingi, zikapimwa na kukusanywa ghalani chini ya chama kikuu cha ushirika, KYECU, kisha wanunuzi wakashindana kwa mnada ambao siku hizi huendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mwaka 2024, mavuno ya Ghana na Kodivaa yalipoharibika na bei ya kakao ulimwenguni ikapita dola 10,000 kwa tani, mkulima wa Ipinda au wa Ngonga mwenye simu na bando dogo aliweza kuijua bei ya London siku ile ile, akamtazama mlanguzi wa nyumbani kwake kwa jicho jipya. Hiyo ndiyo faida ya mawasiliano kwa mnyonge, nayo haimo katika hotuba nyingi za kusifu teknolojia: humpa mtu neno la kujibu mbele ya anayetaka kumnunua rahisi. Mnada ukikosa njia kakao haiozi kwa siku moja, hilo ni kweli, ila malipo husubiri, na karo ya mtoto haisubiri pamoja nayo.

Pale Kasumulu, lori la mafuta au la mbolea litokalo bandari ya Dar es Salaam kwenda Malawi halivuki kwa cheti cha mkono tena. Tamko lake la forodha limo ndani ya mfumo wa kompyuta, na ushuru wake hulipwa kwa namba ya malipo itolewayo na mfumo mwingine. Wakala wa kutoa na kuweka pesa ana nafuu kidogo, kwa kuwa menyu ya kubonyeza katika simu ndogo hupita katika njia ya simu za kawaida, lakini programu ya benki, mashine ya risiti na hesabu nyingi za duka la leo hutegemea data. Na yako mambo ambayo hayana risiti. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu kwa lugha na kwa nasaba, wakitenganishwa na mto ambao wazungu waliufanya mpaka. Ndugu hao huzungumza kwa WhatsApp kwa sababu simu ya kawaida kutoka nchi moja kwenda nyingine ni ghali, na habari za msiba hupita humo kabla ya kupita kwingine kokote. Huko ng'ambo ya Songwe, wiki sita tu kabla ya siku yetu, tarehe 16 Septemba 2025, Wamalawi walipiga kura yao, wakahesabu, na rais aliyekuwa madarakani, Lazarus Chakwera, akakiri kwamba ameshindwa na Peter Mutharika. Sisemi kwamba Malawi ni pepo; nasema kwamba mtu wa Kasumulu alikuwa na jambo la kulinganisha.

Nisije nikadhaniwa natia chumvi, yako maisha ya ufuo huu ambayo kukatwa kwa intaneti huyagusa kwa mbali sana. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji jirani, wanaofinyanga vyungu kwa mkono na kuvisafirisha kwa mtumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo karibu na Matema, wamekuwa wakifanya biashara hiyo tangu kabla ya waya wa kwanza wa simu kufika Nyasa. Lakini Jumamosi iliyoangukia katikati ya siku zile ilikuwa tarehe 1 Novemba, siku ambayo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan amechaguliwa kwa asilimia 97.66 ya kura. Na hata mfinyanzi asiye na simu ya kisasa alikuwa siku hiyo raia wa nchi iliyosikia tangazo kubwa kuliko yote kwa sauti ya upande mmoja, pasipo njia pana ya kuuliza, kulinganisha wala kubisha. Aliyeshangilia na aliyehuzunika wote wawili walikosa hiyo.

Insafu yanilazimu sasa niseme kwa upande wa dola, wala si kwa shingo upande. Kyela ni wilaya ya mpakani, na ufuo huu umepata kujua vita. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliacha nyuma yake ubishi wa mpaka wa ziwa, kama ni ufuoni au katikati ya maji, ambao hata leo haujakwisha na ambao mwaka 2012 ulipata moto tena baada ya Malawi kutoa vibali vya kutafuta mafuta. Na kabla ya hapo, Agosti 1914, jambo lilitukia katika maji haya ambalo kila afisa wa usalama angelipenda kulisimulia kama angelijua. Wajerumani walikuwa na meli yao ya ziwani, Hermann von Wissmann, na Waingereza walikuwa na yao, Gwendolen, na manahodha wa meli hizo mbili, Berndt na Rhoades, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Vita vilipotangazwa Ulaya, habari ilimfikia Rhoades kwa simu ya waya, Berndt haikumfikia. Alfajiri moja, Gwendolen ikatokea Liuli, ambayo wakati ule iliitwa Sphinxhaven, ikaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, ikaipiga mizinga. Naye Berndt, kwa ghadhabu na mshangao, akaingia katika mashua ndogo akapiga makasia hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa, akajibiwa kwamba nchi zao ziko vitani na kwamba yeye sasa ni mateka. Magazeti ya London yaliuita huo ushindi wa jeshi la majini.

Kisa hiki chachekesha, lakini ndani yake mna elimu. Aliye na habari humshinda asiye nayo, hata kama mizinga yake si hodari, na kwa sababu hiyo hapana dola, iwe ya kifalme au ya jamhuri, ambayo imepata kuiacha mikono yake mbali na waya. Marekani ina sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934 inayompa rais mamlaka ya kushika mitambo wakati wa vita. India ilirithi sheria ya telegrafu ya mwaka 1885, ikaitumia zaidi ya miaka mia moja. Na katika mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964, sauti ya John Okello katika redio ndiyo iliyowaambia watu kwamba serikali imebadilika. Kwa hiyo mimi si katika wale wasemao kwamba dola isiwe kamwe na uwezo wa kukata. Adui akiwa anatumia mnara wa kijiji fulani kuongoza makombora, mnara huo na uzimwe, na mwenye kuuzima ashukuriwe. Tofauti niionayo ni kwamba mwaka 1914 aliyekosa habari alikuwa nahodha wa adui, na mwaka 2025 waliofichwa habari walikuwa raia wenyewe, katika siku waliyoitwa kuamua.

Wala si Tanzania peke yake. Uganda ilizima mitandao ya kijamii na hata huduma za pesa kwa simu siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016. Ikaikata intaneti yote tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya kura. Na Januari 2026, kuelekea kura ya tarehe 15, ikafanya vivyo hivyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, kura zikiwa zinahesabiwa, ikakaa gizani takriban siku 20. Kwetu, kabla ya uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, TCRA iliziagiza kampuni zisimamishe ujumbe na simu za kutumwa kwa watu wengi kwa pamoja, na katika mkesha wa kura mitandao kama Twitter ikawa haifikiki. Mtu mwenye akili akitazama tarehe hizi lazima ajiulize jinsi hatari ya taifa inavyopenda kuja kwa kalenda ya tume ya uchaguzi.

Hoja ya wenye kukata ni kwamba maneno ya uchochezi huenea upesi kuliko askari, na kwamba uvumi waweza kuua. Ni hoja ya kweli. Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilijaa ujumbe wa simu uliowataja watu kwa makabila yao na kuwatishia, na serikali ikafikiri kuuzima ujumbe wote nchini. Mkuu wa kampuni ya Safaricom wa wakati ule, Michael Joseph, alishauri njia nyingine: badala ya kuzima, kampuni iliwatumia wateja wake, waliokuwa wapata milioni 9, ujumbe wa kuwahimiza amani na utulivu. Machafuko hayakukoma kwa ujumbe huo, na hakuna mwenye akili awezaye kudai hivyo. Yalikoma kwa mapatano ya wakubwa mwisho wa Februari 2008. Lakini njia ilibaki wazi kwa mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe, na hiyo si faida ndogo. Uvumi haufi kwa kukatwa intaneti. Hurudi ulikotoka, mdomoni na sikioni, ambako hauachi alama ya kumfikisha aliyeuanzisha mahakamani, na ambako habari ya kweli haiwezi kuufuata kwa kasi ile ile. Tarehe 3 Novemba, mawasiliano yaliporejea, picha na video za siku tano zilimiminika kwa mara moja, zilizo sahihi na zilizoghushiwa pamoja. Idadi ya waliokufa ikawa jambo la ubishi kati ya serikali, upinzani na mashirika ya haki. Na Rais akaunda tume ya kuchunguza chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume yoyote ya namna hiyo hutegemea ushahidi, na ushahidi wa zama hizi aghalabu huwa simuni mwa watu.

Sheria yasemaje? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, humhakikishia kila mtu uhuru wa maoni, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari pasipo kujali mipaka ya nchi, uhuru wa kuwasiliana bila ya kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio yaliyo muhimu kwa maisha yake. Na sijui mahali ambapo maneno hayo juu ya mipaka ya nchi yana maana ya karibu zaidi kuliko ukingoni mwa Songwe. Ibara ya 30 huruhusu sheria kuzibana haki hizo kwa ajili ya ulinzi, usalama na utulivu wa jamii. Ibara ya 32 humpa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya hatari, lakini yaweka masharti: nakala ya tangazo iende kwa Spika, Bunge likutane katika siku zisizozidi 14, na theluthi mbili ya wabunge waliunge mkono. Wenye kuitunga Katiba walijua kwamba nchi yaweza kupatwa na siku mbaya, wakaiwekea siku hiyo utaratibu. Oktoba 2025 halikutolewa tangazo la hali ya hatari. Palikuwa na amri ya kutotoka nje usiku kwa Dar es Salaam, ambayo ilitangazwa kwa sauti kila mtu akaisikia. Amri ya kukata mawasiliano ya nchi nzima, iliyo kubwa kuliko hiyo, watu waliitambua kwa kutazama simu zao.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tarehe 6 Septemba 2025 TCRA ilisimamisha kwa siku 90 leseni ya JamiiForums, jukwaa ambalo Watanzania wengi walikuwa wakijadiliana humo mambo ya nchi. Hukumu ile siipendi, na naiona nzito mno. Hata hivyo ilikuwa hukumu: ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na madai, ilikuwa na muda, na aliyehukumiwa aliweza kuisoma na kuipinga. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye kuandika mtandaoni alipie leseni, nazo zililaumiwa sana, lakini zilichapishwa, na waziri wa habari wa siku zile alikuwa na jina na jimbo, Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Mtu wa Kyela aliyechukizwa nazo aliweza kumuuliza mwakilishi wake ana kwa ana. Na Mei 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini na nchi kupoteza sehemu kubwa ya intaneti yake, watu walielezwa chanzo ni nini. Ajabu ilioje kwamba tuliambiwa zaidi juu ya ajali ya chini ya bahari kuliko juu ya tendo la makusudi la watu walio nchi kavu.

Katika hukumu zote za mahakama nilizopata kuzisoma juu ya jambo hili, ile inayonipendeza zaidi ni ya Zimbabwe, labda kwa sababu ni ndogo. Januari 2019 serikali ya huko ilikata intaneti wakati wa maandamano ya bei ya mafuta. Taasisi ya wanahabari, MISA, na wanasheria wa haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 21 Januari Jaji Owen Tagu akaamuru mawasiliano yarejeshwe. Jaji hakuhubiri uhuru. Aliuliza tu ni nani aliyetoa amri, akaambiwa ni waziri wa usalama wa taifa; akaifungua sheria, akaona kwamba waziri huyo hakupewa mamlaka hayo, basi amri ikaanguka. Swali moja la ukarani liliiwasha nchi. Mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi, Juni 2020, iliikuta Togo na hatia kwa kukata intaneti mwaka 2017 pasipo sheria iliyo wazi. Mahakama ya Juu ya India, Januari 2020, katika shauri la Kashmir, ilisema amri za namna hiyo lazima zichapishwe, zipitiwe upya, wala zisiwe za milele. Na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia kwa muda serikali kukata intaneti wakati shauri likisubiri kusikilizwa. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika azimio lake la Machi 2024, ilizisihi serikali ziache mawasiliano wazi wakati wa uchaguzi. Msomaji na ajue pia kwamba Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, na mkazi yeyote wa nchi za jumuiya aweza kuishtaki serikali yake huko, ila mlango wake ni mwembamba: shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tendo lilipofanyika au lilipojulikana.

Katikati ya Januari 2026, akizungumza na mabalozi mjini Dodoma, Rais Samia alieleza kusikitishwa kwake na usumbufu waliopata mabalozi na wageni wakaao nchini kwa kukatwa intaneti, akatetea hatua zilizochukuliwa kwamba zilikuwa za kulinda utaratibu wa Katiba na watu, na akaahidi juhudi ili hali ile isijirudie. Maneno hayo ni mema na nayapokea kwa taadhima. Yanabaki kuwa maneno yaliyoelekezwa kwa wageni, nao wageni wana balozi zao za kuwasemea na wengine wana simu za setilaiti. Dereva wa lori aliyekwama Kasumulu, au kijana wa Matema auzaye vyumba vya wageni kwa simu yake, anastahili ahadi hiyo kwa lugha yake na katika kitabu cha sheria, ambako ahadi haitegemei moyo wa aliyeitoa.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa mwaka 2030, na Bunge lina muda wa kutosha kuandika sheria ya kurasa chache: kwamba intaneti haikatwi ila kwa amri ya maandishi, kwamba amri hiyo ina jina na sahihi ya aliyeitoa, sababu yake, eneo lake na saa ya kukoma kwake, kwamba huchapishwa siku ile ile katika redio, kwa kuwa redio haikatwi, kwamba huletwa mbele ya jaji kabla ya saa 48 kupita, kwamba huduma za pesa, hospitali na forodha hazimo ndani yake, na kwamba mkulima au mfanyabiashara aliyepata hasara kwa amri batili ana pa kudai fidia. Serikali yenye hofu ya kweli haitapungukiwa kitu kwa masharti hayo, kwa sababu hatari ya kweli haioni haya kuandikwa. Nawe msomaji, mbunge wako atakapokuja kuomba kura yako, pale Ipinda au popote ulipo, kabla ya kumuuliza habari za barabara na pembejeo, muulize kama aliipigia kura sheria hiyo, na kama haijapelekwa bungeni, muulize ni nani aliyeizuia.